Namna ya Kuangalia Picha Kwenye Ukumbi wa Mji Mdogo: Mwongozo kwa Waliochelewa Kuzaliwa

Kijana wa leo anaangalia filamu akiwa chali kitandani, simu juu ya kifua. Akishikwa na kiu anaisimamisha. Ikimchosha anairusha mbele. Isipompendeza anaiacha dakika ya nane na kufungua nyingine, kisha nyingine, mpaka usingizi unamkuta bado anachagua. Mtu huyu anahitaji msaada, na msaada wenyewe ndio huu.

Mwongozo unahusu kumbi za picha za miji yetu, zile za pazia moja, ambazo tangu enzi za mkoloni hadi miaka ya 1980 ziliwafundisha watu kulia hadharani, kurusha ngumi hewani na kuimba Kihindi wasichokijua. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Atakayeruka hatua atabaki nje na karanga zake.

1. Chagua ukumbi

Hatua hii haichukui muda, maana ukumbi ni mmoja, au mji ukijitutumua, mbili tatu. Utautambua kwa jina. Nyumba zote za jirani zinaitwa kwa jina la mwenye nyumba. Hii peke yake ina jina la kifalme. Majestic ilikuwapo Unguja, ikawapo Tanga, ikawapo Mombasa. Moshi walikuwa na Plaza, Arusha wakawa na Metropole, Mwanza wakaenda na Liberty. Usidanganywe na jina. Kadiri lilivyokuwa na fahari ndivyo popo walivyokuwa wengi darini.

Unguja mjini waliendekezwa, wakawa na kumbi tatu: Empire, Majestic na Sultana. Majestic ilisimama pale palipokuwa na Royal, iliyojengwa mwaka 1921 kwa mchoro wa J. H. Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa pia msanifu wa majengo. Royal iliteketea kwa moto, na mwaka 1955 ukumbi mpya ukasimama mahali pake. Sultana nayo baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaitwa Cine Afrique. Ilieleweka. Watu wametoka kumwondoa Sultani mwezi Januari, haipendezi waendelee kupanga foleni kwa Sultana.

2. Usiulize kuna picha gani

Kuuliza ni dalili ya mtu aliyelelewa na intaneti. Picha ni ile iliyofika. Kuanzia mwaka 1968 kulikuwa na Kampuni ya Filamu Tanzania, shirika la umma, nalo ndilo lililokuja kushika uagizaji na usambazaji wa picha. Wewe mteja wa mji mdogo ulishauriwa kushukuru. Mkanda ulianzia miji mikubwa, ukachapwa huko wiki baada ya wiki, ndipo ukapakiwa kwenye mikebe ya bati na kuletwa kwako. Ulipofika ulikuwa umejaa mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo kwenye pazia ilionekana ni mvua. Mvua ilinyesha sebuleni, ikanyesha jangwani, ikanyesha ndani ya ndege. Watazamaji wazoefu hawakuiona. Mgeni aliyeuliza "Mbona mvua?" aliambiwa ni masika ya Bombay.

Kama ni lazima ujue unakwenda kuona nini, soma bango. Likiwa na farasi, kuna bastola. Likiwa na mtu asiye na shati, kuna ngumi. Likiwa na mama anayelia na vijana wawili wanaofanana kidogo, ni picha ya Kihindi: wamepotezana utotoni, mmoja atakuwa polisi, mwenzake jambazi, na wewe unatakiwa uende na leso mbili.

3. Kata tiketi

Siku kubwa ni Jumapili. Dirisha la tiketi ni tundu ukutani linaloingiza mkono mmoja, na mbele yake kuna mikono mia. Ingiza wako. Ukishaishika tiketi, funga ngumi na usiifungue mpaka mlangoni, kwani kuna waliotoka dirishani wameshika tiketi wakafika mlangoni wameshika hewa.

Dirisha likifungwa kabla ya zamu yako, usikate tamaa. Geuka nyuma, utamwona bwana mmoja mpole amesimama chini ya mwarobaini. Huyu ni mlanguzi. Alizinunua tiketi za safu nzima asubuhi, wewe ukiwa msikitini au kanisani unaombea riziki. Bei yake ina maumivu, lakini hana foleni.

Asiye na hela kabisa ana njia tatu. Ya kwanza ni kuzamia: unamsaidia fundi kubeba mikebe ya mkanda, unaingia nayo kwa uso wa kazi, kisha unasahau kutoka. Ya pili ni kupiga chabo kwenye ufa wa mlango wa dharura, ambapo utaona robo ya pazia, na kwa bahati mbaya mapigano yote hufanyika kwenye robo tatu nyingine. Ya tatu ni kusubiri haftaimu, ununue kipande cha tiketi cha mtu aliyeitwa nyumbani. Utaona nusu ya pili tu. Usihuzunike, nusu ya kwanza utasimuliwa na jirani yako upende usipende.

4. Kaa pako

Ukumbi una jiografia, na jiografia yake ni bei. Mbele kabisa chini ya pazia ni viti vya mbao, makazi ya watoto, wapiga miluzi na wataalamu wa kung fu. Hapo picha huonekana kwa kuinua shingo, na mtu hutoka akiwa anamjua steling, yaani shujaa wa picha, kwa matundu ya pua. Katikati wanakaa wenye kazi za mshahara. Nyuma, au juu balkoni, ni familia zilizovaa nguo za Idi, akina baba wenye koti na akina mama waliojifukiza udi mpaka safu tatu mbele zinapata sehemu yake. Alikoketi mtu Jumapili kulijulikana Jumatatu sokoni, na aliyezoea balkoni akionekana mbao za mbele, mji mzima ulijua duka lake haliendi.

Kwa akina mama wa Pwani ambao waume zao hawakupenda waende kukaa na wanaume gizani, palikuwa na onyesho la wanawake peke yao. Waume waliambiwa ni burudani tulivu. Waliopita barabarani saa hiyo walisikia vigelegele, vilio na ushauri wa ndoa ukitolewa kwa sauti ya juu kwa msichana wa kwenye pazia ambaye hakuwa na njia ya kusikia.

Tahadhari mbili. Mbele yako atakuja kukaa mtu mrefu mwenye nywele za afro. Hii ni sheria ya maumbile. Pili, ndani ya kiti kuna kunguni, nao hawajalipa. Mwenye uzoefu huvaa suruali ndefu na huchomekea soksi.

5. Mtafute mfasiri

Picha inazungumza Kihindi. Maandishi ya chini, yakiwapo, ni ya Kiingereza na yanapita mbio. Usihangaike. Katika kila safu kuna mfasiri wa kujitolea. Hajawahi kufika Bombay, lakini picha hii ameiona mara nyingi na anapenda kusaidia. "Sasa hapa anamwambia baba yake kwamba..." ataanza, na atakachosema baadaye kina uhusiano wa mbali na kilichoandikwa na mtunzi. Mara nyingi ni bora zaidi. Wahusika wamepewa misemo ya Kiswahili, mkwe amepewa tabia za mkwe anayejulikana mtaani, na hakimu anahukumu mashauri ambayo mahakama ya mwanzo yaliishinda.

Hata hivyo mengi hayakuhitaji tafsiri. Raj Kapoor alipotoka na *Awara* mwaka 1951, akiwa mtoto wa jaji aliyekulia mitaani na wezi, nani wa Tanga au Unguja alihitaji kufafanuliwa maana ya baba mwenye cheo anayemkana mwanawe? Na *Mother India* ya 1957, Nargis akivuta jembe mwenyewe na deni la mkopeshaji likizidi kila mavuno, wakulima waliitazama kimya. Walikuwa wakiangalia daftari la duka la kwao.

Nyimbo nazo zilibebwa nyumbani bila ruhusa. Juma Bhalo wa Mombasa alijijengea jina kwa taarabu yenye mahadhi ya Kihindi ndani ya mashairi ya Kiswahili. Waliobaki waliimba maneno yaleyale ya pazia kwa masikio tu. Fundi cherehani asiyejua kuomba maji kwa Kihindi aliweza kuimba dakika sita bila kukosea silabi moja.

6. Itii katiba

Ukumbi una katiba yenye kifungu kimoja: steling hafi. Anaweza kupigwa risasi, kuanguka gengeni, kuzama baharini na kufungwa gerezani kwa kosa la pacha wake. Hafi. Ukiwa na hofu juu yake katikati ya picha, mzee wa safu ya nyuma atakutuliza: "Huyo ndiye mwenye picha, atakufa vipi na nusu saa imebaki?"

Kifungu hiki kilitikiswa mwaka 1975 na *Sholay*. Masteling walikuwa wawili, Dharmendra na Amitabh Bachchan, na Amitabh akafa. Kumbi ziliingia katika mgogoro wa kikatiba. Wengine walidai waliomwua ni watu wa mkasi, wakaguzi wa filamu. Wengine walirudi wiki yote kuona kama atapona. Suluhu ilipatikana kwa tafsiri ya sheria: kumbe Dharmendra ndiye aliyekuwa steling, na Amitabh alikuwa rafiki yake.

Miaka michache baadaye katiba ililipa kisasi. Mwaka 1982 Amitabh aliumia vibaya tumboni akiigiza pigano la *Coolie*, akalazwa mahututi, India nzima ikamwombea. Katika mwisho ulioandikwa kwanza, shujaa wa picha hiyo alitakiwa afe. Amitabh alipopona, mwongozaji Manmohan Desai aliubadilisha: shujaa apigwe risasi lakini aishi. Picha ilipotoka mwaka 1983 ilisimama kidogo kwenye pigano lile kumwonyesha mtazamaji pale alipojeruhiwa. Unaona? Hata waliotengeneza picha walilazimika kuitii sheria ambayo mzee wa safu ya nyuma aliijua siku zote.

Bruce Lee alikuwa kesi ya pekee. Alifariki Julai 1973, na *Enter the Dragon* ikatoka baada ya kifo chake. Huku kwetu aliendelea kupiga watu miaka na miaka. Aliyesimama ukumbini kutangaza kwamba huyo jamaa ni marehemu aliombwa akae chini, naye kwa usalama wake alikaa.

Wajibu wako kama mtazamaji ni kumlinda steling. Adui akinyemelea kutoka nyuma, simama, elekeza kidole, piga kelele: "Nyuma yako!" Akigeuka kwa wakati, sifa ni zako. Asipogeuka, mlaumu kwa ukaidi wake.

7. Mshughulikie fundi

Nyuma juu ya vichwa vyenu kuna chumba chenye matundu mawili, na ndani yake mtu anayeungua kwa ajili yenu. Mashine zake zinapata mwanga kwa vijiti viwili vya kaboni vinavyowashwa na cheche ya umeme, joto lake si la mchezo. Mkanda wa milimita 35 unapita mbele ya mwanga huo picha 24 kila sekunde, na gurudumu moja kubwa haliendi zaidi ya dakika 20 hivi. Picha ya saa tatu na zaidi kama *Sholay* ina magurudumu kama kumi. Ndiyo maana mashine ni mbili: moja ikikaribia kumaliza, nyingine inawashwa. Ukitaka kujifanya mjuzi, tazama pembe ya juu kulia ya pazia. Kinatokea kidoa cha duara kwa kufumba na kufumbua. Hiyo ni ishara kwa fundi ajiandae. Mwambie jirani yako, "Sasa anabadilisha," uone heshima inavyopanda.

Mkanda ukikwama, moto wa mashine unautoboa, na usoni mwa Nargis linatokea lengelenge la kahawia linalotanuka mpaka pazia likabaki jeupe. Ukikatika, ni giza. Hapo kazi yako ni kupiga miluzi, kugonga viti na kumtaja mama wa fundi. Kelele hizi hazijawahi kuunganisha mkanda, ila humwezesha fundi kujua kwamba hamjaondoka.

Unguja walikuwa na matatizo ya hadhi ya juu. Nakala moja ya picha iliweza kuonyeshwa kumbi mbili jioni moja, kwa kupishanisha saa. Gurudumu likimalizika ukumbi wa kwanza, kijana analifunga kwenye baiskeli na kulikimbiza ukumbi wa pili kupitia vichochoro. Hatima ya wapenzi wa kwenye pazia ilitegemea mnyororo wa baiskeli na mkokoteni uliosimama njiani. Kijana akichelewa, ukumbi mzima ulingoja steling akiwa ameinua ngumi.

Si kila mruko ni kosa la fundi. Serikali ya mkoloni ilikuwa na wakaguzi wake, na baada ya uhuru tukawa na wetu. Mwaka 1976 ilitungwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza. Mkaguzi alikuwa na mkasi, nao haukupenda mabusu. Nyuso mbili zinasogeleana, zinasogeleana zaidi, halafu ghafla wana watoto watatu. Kizazi kizima kilijifunza uzazi kwa namna hiyo.

8. Toka, usimulie

Taa zikiwaka, usikimbilie kulala. Picha haijaisha. Nje kuna vijana wanaotoka na mikono ya Bruce Lee, na hapa utajua umuhimu wa kuishi karibu na zahanati. Jumatatu shuleni aliyeona anawasimulia wasioona, kwa malipo ya kashata au embe bichi. Msimulizi hodari hutoa sauti zote: farasi, bastola, fidla, mama anayelia. Lile pigano la dakika mbili kwake lina dakika kumi na tano. Aliyenunua kipande cha haftaimu husimulia kwa ujasiri hata nusu ambayo hakuiona.

9. Namna ya kuua ukumbi

Hatua hii imeshatekelezwa, lakini tunaiweka kwa ajili ya kumbukumbu za kitaalamu.

Chukua ukumbi wenye afya. Mnyime fedha za kigeni mwagizaji wa mikanda, ili picha zilezile zirudi mpaka watu wazijue kuliko sala. Mashine iharibike na kipuri kikosekane. Kisha, miaka ya 1980, leta deki ya video: mwenye nayo atakusanya majirani sebuleni, na mwenye ukumbi atabaki anahesabu popo. Zanzibar waliongezewa televisheni tangu miaka ya mwanzo ya 1970, ya rangi, wakati Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Malizia kwa vibanda vya video, benchi nne na pazia la kanga mlangoni. Huko mfasiri wa kujitolea hatimaye alipata kazi ya kueleweka: Lufufu na wenzake wakarekodi sauti zao juu ya picha, Wachina wakazungumza Kiswahili cha mtaani, na safu nzima ikanyamaza kumsikiliza mtu mmoja.

Jengo lenyewe halitupwi. Lifanye ghala, duka la samani au kanisa. Viti tayari vinaelekea mbele na watu walishazoea kulia humo. Sinema ya magari ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1966, uwanja wake leo una Ubalozi wa Marekani. Pamebaki palepale pa kungoja kwa muda mrefu ili uione Marekani, isipokuwa sasa kiingilio ni ghali zaidi na wengi huambiwa viti vimejaa.

10. Jaribio la nyumbani

Watakaosema hawana haja ya haya yote, kwani *Sholay* nzima iko kwenye simu, safi, bila mvua, tunawakubalia. Teknolojia imeondoa kero zote: mlanguzi, mrefu mwenye afro, mfasiri muongo, wapiga miluzi, mkanda kukatika. Tatizo ni moja dogo. Hizo kero tulizilipia kiingilio. Picha hatukuichagua, waliokaa jirani hatukuwachagua, na kwa kuwa hakuna aliyechagua, Jumatatu mji mzima ulikuwa na kilio kimoja cha kuzungumzia, kuanzia balkoni hadi mbao za mbele. Siku hizi kila mtu analia na picha yake, akimsimulia mwenzake anaambiwa, "Usiniharibie, bado sijaiona."

Kwa hiyo fanya hivi. Mpe simu mtoto wa jirani, achague yeye. Iweke mbali. Mketishe mtu mrefu mbele yako na muongo pembeni yako. Marufuku kusimamisha, marufuku kurudisha nyuma. Kila baada ya dakika 20 zima umeme na umtukane fundi, hata kama fundi ni wewe. Kisha tafuta watu wengine mia nne wa kuingia sebuleni kwa pamoja, wapendanao na wasioongea. Ukiwapata, utuarifu. Kiingilio tutalipa, ila tunaomba viti vya nyuma, na kunguni muwaache, hatuna ugomvi nao tena.